Safari ya Samani

Noah mwana wa Wanjohi alizaliwa Stockholm, akalelewa mtaa wa Bredäng, na kitu kimoja ambacho mji ule haukumpa ni herufi Z. Si yeye peke yake. Watoto wetu wengi waliozaliwa huko wana S moja tu, na hiyo hiyo wanaitumia kwa shughuli zote. Wakiwa wadogo wanawaletea mama zao "sawadi", wakikua wanakwenda "kasini". Roselyn, mama yake Noah, mwanamke wa Nyeri asiyependa mambo ya nusunusu, alianza kumsahihisha tangu anaota meno. "Sema zzz, kama nyuki," alimwambia. Mtoto alisema sss kama nyoka, akacheka, akakimbia. Sasa alikuwa mwanamume mzima, fundi wa lifti mwenye buti zinazojaza mlango, na bado alisema sss. Roselyn alikuwa amechoka kumsahihisha lakini hakuwa ameacha, maana kuacha aliona ni kushindwa.

Kwa hiyo mtu angetegemea kwamba Jumamosi ile ya mwezi wa tano masikio ya Roselyn yangefanya kazi yao. Hayakuifanya, na sababu ni kwamba yalikuwa yameshajaa hofu. Tangu Wanjohi afariki walibaki wawili katika nyumba yao ya ghorofa ya tano, mama na mwana, na vijana wa Kiswidi huhama kwa wazazi wao wakiwa bado na chunusi usoni. Noah hakuhama. Ila alikuwa amejiandikisha kwenye foleni ya nyumba ya jiji, ile foleni ambayo mtu huingia na nywele zake akatoka na upara, na kila simu ya mwanawe ilipolia kidogo Roselyn alijiuliza kama zamu yake imefika. Hakuwahi kumuuliza. Aliona kwamba mama akiuliza swali kama hilo huwa ameshaomba, na yeye hakuwa mtu wa kuomba.

Asubuhi hiyo alirudi kutoka zamu ya usiku katika hospitali ya Flemingsberg, miguu imevimba, kichwa kinaelea. Noah alimvutia kiti, akammiminia chai ya maziwa iliyochemkia kwenye sufuria, si ile ya kuchovya mfuko, akaigeuza kompyuta yake ili mama aione ramani.

"Mama, napanga safari," akasema. "Ya siku moja. Miji miwili, nchi mbili. Usiku tunalala Vienna. Asubuhi tunapanda boti, tunafuata mto Danubi, tunavuka mpaka, tunashuka Bratislava. Jioni tunarudi na treni."

"Tunafanya nini huko?"

"Tunaangalia tu. Ile ni miji ya samani."

"Ya samani?"

"Ja. Samani sana. Samani kuliko hapa, hata."

Kiswahili cha Noah kilikuwa kama nguo zinazotoka kwenye mashine: zote zimo, lakini lazima mtu azigeuze mikono. Roselyn aliigeuza sentensi hiyo haraka kama alivyozoea. Mtoto anataka kusema samani nyingi. Akashangaa kidogo, maana nchi ile aliyoketi ndani yake inajulikana dunia nzima kwa samani, na hakuona sababu ya mtu kupanda ndege kwenda kutafuta kabati.

"Kwani hapa Sweden hazipo?" akauliza.

"Siko, lakini si kama kule."

"Zzziko," Roselyn akamsahihisha, akaridhika kwamba wajibu wake umetimia.

"Halafu kule Bratislava kuna mesa," Noah akaendelea, macho yanang'aa. "Iko juu ya kilima. Kubwa, nyeupe. Imepinduliwa, miguu yote minne iko juu. Watu wa huko wenyewe wanaiita hivyo. Dalia ameiona."

Mesa aliielewa, kwa kuwa hakuna kitu duniani kinachoitwa mesa. Balaa la samani ni kwamba zipo. Na Dalia pia alikuwapo. Alikuwa msichana wa kazini kwa Noah, na jina lake lilikuwa likipita hapo jikoni mara nyingi tangu Pasaka.

"Si uende na huyo Dalia, basi," akasema, kwa sauti aliyojitahidi iwe nyepesi.

"Nej, mamma. Bila wewe haina maana. Lasima uione wewe."

Roselyn akanywa chai yake taratibu. Mtu hanunui samani ili aendelee kukaa kama alivyokuwa. Ananunua kwa sababu amepata pa kuziweka, au amepata wa kuziweka pamoja naye, na anayemchukua mama yake akamsaidie kuchagua ni mtoto mwenye adabu anayetaka kuaga vizuri. Hivyo ndivyo alivyoyapanga mambo kichwani, na yalipangika sawasawa hata hakuona pa kuyatilia shaka.

Kabla ya kutoka, Noah alisimama kwenye mlango wa sebule. Humo, chini ya dirisha, kulikuwa na kiti cha Wanjohi. Kilikuwa kiti kikubwa cha kuegemea, rangi ya kahawia, mikono ya mbao, na mkono wa kulia ulikuwa na duara jeupe lililoachwa na vikombe vya chai vya miaka mingi. Wanjohi alikiokota katika chumba cha taka kubwa cha jengo lao, mwaka waliohamia, akakibeba kichwani hadi juu kwa sababu lifti ilikuwa imekufa. Mgongoni kilivaa kitambaa alichokifuma Roselyn mwenyewe kwa kroshia, kama viti vyote vya heshima nyumbani kwao Nyeri. Tangu mwenyewe aondoke hakuna aliyekikalia.

"Baba na samani sake," Noah akasema, akatikisa kichwa, akaenda zake kazini.

Roselyn alikuwa nyuma yake, akaona kisogo tu. Tabasamu lilikuwa upande wa pili.

Alilala mchana huo mapazia yamefungwa, maana mwezi wa tano Stockholm jua halina adabu, linaingia hata mahali lisipoalikwa. Akaota. Alikuwa katika mji ambao nyumba zake zote ni makabati. Wanawake walifungua milango ya juu wakakung'uta mashuka, na watoto walitoka kwenye droo wamevaa sare za shule, soksi zimevutwa hadi magotini. Mto ulipita katikati ya mji, na maji yake yalikuwa mbao iliyopigwa msasa na kupakwa vanishi, yanakwenda polepole, yananukia karakana ya seremala. Watu waliteleza juu yake wameketi kwenye makochi, wakipungiana mikono. Kilimani ilikuwapo meza nyeupe, miguu hewani, na mawingu yalikuwa yameketi katikati ya miguu kama wageni waliofika mapema.

Mpaka wa nchi ulikuwa benchi refu. Askari wa mpaka, mwanamke mpole mwenye miwani, hakutaka pasipoti. Alimuuliza kila mtu, "Ulikuwa ukiketi wapi?" Roselyn akageuka ili amwonyeshe, na hapo nyuma yake alikuwa Wanjohi, amebeba kiti chake kichwani, anahema, na usoni ana aibu kidogo kwa kuichelewesha foleni. Askari alikitazama kile kiti kwa muda mrefu. Kisha akasema, bila ukali wowote, kwamba hicho hakivuki.

Roselyn aliamka shingo imelowa jasho, na hakumwambia mtu.

Wiki iliyofuata walipanga safari. Noah akirudi jioni, hata buti hajavua, alikuwa ameshafungua ramani. Waende na boti warudi na treni, au waende na treni warudi na boti? Noah alishikilia boti iwe kwanza. "Lasima tufike na maji," alisema, na hakueleza kwa nini. Roselyn alitaka kujua avae viatu gani, kama kuna kupanda mlima, kama kanisa kuu la Vienna hufunguliwa asubuhi na mapema, na kama watu wa Slovakia hula chakula chenye chumvi. Alijikuta anafurahi, na furaha hiyo ikamuudhi. Hajawahi kusafiri kwa ajili ya kutazama tu. Safari zake zote zilikuwa za harusi na mazishi, na masanduku yaliyojaa nguo za watu wengine. Sasa hata akiwa kazini, akipima presha za wagonjwa, ule mto wa vanishi ulikuwa unapita chini ya vitanda, na alilazimika kupepesa macho ili uondoke.

"Na tukishachagua, tutabebaje?" akamuuliza Noah siku moja.

"Tutabeba nini?"

"Vitu."

"Mkoba tu, mamma. Ni siku moja."

Akaelewa kwamba vitakuja na lori. Vijana wa siku hizi hawabebi kitu.

Kulikuwa pia na jambo la usiku wa Vienna. Noah alisisitiza kwamba usiku huo wasipange chochote. Wafike, wale, Roselyn aende kitandani. "Ulale mpaka asubuhi," alisema. "Hiyo ni muhimu kuliko mji wenyewe." Roselyn aliliona hilo kuwa la ajabu, lakini lilikuwa na huruma ndani yake, akaliacha lipite.

Aliyemmaliza kabisa ni Josephine. Huyu alikuwa rafiki yake wa kanisani, Mkongo wa Bukavu aliyekaa Brussels kabla ya kuja Sweden, mkazi wa Fisksätra, mwanamke anayejua habari za kila mji ambao hajafika. Alipiga simu kumweleza hali ya mama yake, kikongwe aliyefika kutoka Bukavu majira ya baridi na tangu siku hiyo hajaonja usingizi. Akilala chali pumzi inamkata, akiketi kwenye kochi laini mgongo unamuuma. Roselyn akamwambia kwamba watu kama hao hulala vizuri wakiegemea, katika kiti kigumu kidogo chenye mikono. Kisha, kwa kuwa neno lilikuwa limemkaa moyoni, akamuuliza kama amewahi kusikia watu wanaokwenda Vienna kwa ajili ya samani.

"Dada, haujue?" Josephine akasema. "Viti ya Vienna inajulikana dunia muzima. Ile ya mbao ya kupindwa, ya mu café. Brussels ilikuwa kila fasi. Sasa mutoto anakupeleka wewe umuchagulie? Huyo iko anaoa, ma chère. Imekwisha."

Basi likawa limethibitishwa na mtaalamu.

Roselyn alikata simu, akaenda kusimama mbele ya kiti cha Wanjohi. Sebule ilikuwa ndogo na kiti kile kilichukua dirisha zima. Alijaribu kuitazama kwa macho ya Dalia, msichana anayeingia kwa mara ya kwanza na kukuta kiti cha marehemu kimevishwa kitambaa na hakuna anayethubutu kukikalia. Nani angetaka kuishi hapo? Mtoto mwenyewe ameshasema, baba na samani zake. Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu aliyevumilia mengi. Na hapo Roselyn akapata wazo lililomtia uchungu na matumaini kwa pamoja. Huenda Noah hataki kuhama. Huenda anataka samani mpya ziingie humu humu, na msichana naye aingie humu humu, ila hajui atamwambiaje mama yake akitoe kile kiti. Kikitoka, nafasi itapatikana, na mtoto atabaki.

Aliiogopa nyumba tupu kuliko alivyokipenda kiti. Alijiambia hivyo waziwazi, bila kulipaka jambo rangi, kisha akampigia Josephine tena.

Mume wa Josephine alikuja Jumamosi asubuhi na gari la kazini, Noah akiwa ametoka. Safari hii lifti ilikuwa nzima, kwa hiyo kiti kilishuka kwa raha kuliko kilivyopanda. Roselyn alibaki na kitambaa cha kroshia mkononi, alikivua dakika ya mwisho bila kujua kwa nini. Zulia lilikuwa na vishimo vinne mahali miguu ya kiti ilipokaa. Alijaribu kuvisugua kwa kidole cha mguu, havikutoka. Akaketi kwenye kochi akalia, akalia vizuri, kama ambavyo hakulia mazishini mbele za watu. Kisha akanawa uso, akafungua dirisha, akapika pilau, maana chakula cha kuanzia maisha mapya hakiwezi kuwa viazi.

Noah alirudi jioni, jua bado limetanda juu ya majengo ya Bredäng kana kwamba halina kwao. Alikuwa anapiga mluzi. "Mama, nimepata tiketi sa boti," akasema akiwa bado mlangoni, akaingia sebuleni, na mluzi ukakatika.

"Kiti kiko wapi?"

"Nimekitoa," Roselyn akasema. Maneno alikuwa ameyapanga tangu mchana. "Kimekwenda Fisksätra, kwa mama yake Josephine. Sasa kuna nafasi. Wekeni chochote mnachotaka, wewe na Dalia. Viti vya Vienna, kabati, hata hiyo meza ya miguu juu kama itapita mlangoni. Mimi sina neno, Noah. Mkae tu hapa."

Noah akautazama ukuta, akavitazama vile vishimo vinne, akamtazama tena mama yake.

"Dalia?" akasema mwishowe. "Dalia ana mchumba wake, anaitwa Jibril. Nani anaweka viti?"

"Samani unazokwenda kununua."

"Kununua?" Alionekana kama mtu aliyeamshwa katikati ya kituo asichokijua. "Mama, mtu hawesi kununua samani. Samani imepita."

"Imepita kwenda wapi?"

"Imepita tu. Haiko. Ni, yaani, gamla. Miji ya gamla, mamma. Kama Gamla stan."

Roselyn alikuwa amekatiza Gamla stan mara nyingi, ule mji mkongwe ulio katikati ya Stockholm, na neno gamla alilifahamu tangu wiki yake ya kwanza nchini. Liliingia sikioni, likashuka taratibu, likafika lilikotakiwa kufika. Miji ya samani. Samani sana. Baba na samani zake. Akaketi pale pale aliposimama, juu ya zulia.

"Zamani," akasema.

"Ja. Samani."

"Zamani, Noah."

"Si ndiyo nasema hivyo wiki nsima."

Wangeweza kucheka, na siku za baadaye walicheka mpaka wakashika mbavu, lakini si wakati huo. Noah alivua buti, akaja akaketi mbele ya mama yake. Alianza kueleza, na aliyoyaeleza yalitoka nusu Kiswahili nusu Kiswidi, kwa hiyo hapa tumeyanyoosha kidogo.

Alipokuwa mdogo, usiku ambao Roselyn alikuwa hospitalini, baba yake alimpakata kwenye kile kiti na kumsimulia hadithi. Ilikuwa hadithi moja tu, kila siku hiyo hiyo. Wanjohi alikuwa dereva wa basi aliyependa ramani kuliko gazeti, na hakuwahi kufika Vienna wala Bratislava. Mwanzo alizuiwa na makaratasi, halafu na kazi, halafu na ugonjwa. Lakini aliisimulia ile miji kama mtu aliyezaliwa huko. Ilikuwa miji miwili ya zamani kwenye mto mmoja, karibu sana hata jogoo wa mmoja aliwaamsha watu wa mwingine, na bado kati yao ulipita mpaka. Katika mji wa kwanza watu walikula keki tangu asubuhi. Katika wa pili majitu yalifanya karamu kilimani, yakashiba, yakaipindua meza miguu juu na kwenda zao, ili asije mtu mwingine akaomba chakula; ndiyo ile ngome nyeupe ya Bratislava, na miguu ni minara yake minne. Baba, mama na mtoto wangepanda boti asubuhi, wavuke mpaka, waione ile meza, na giza liwakute wamerudi.

"Nilimuulisa kila siku, lini tunaenda?" Noah akasema. "Akasema, siku mama akilala usiku kucha. Hadithi haiansi kama mama hajalala. Kwa hiyo haikuansa. Tulipanga tu. Viatu gani, mkate gani, nani anakaa dirishani. Wewe ndiye ulikaa dirishani."

Roselyn alikuwa amekishika kile kitambaa cha kroshia, akajifunika nacho uso. Miaka yote ile ya zamu za usiku aliwaonea wivu, baba na mwana, wamejifungia na joto lao nyumbani, na yeye yuko nje ya nyumba yake mwenyewe. Alidhani wamezoea kuishi bila yeye. Kumbe walikuwa wamesimama ufukweni mwa hadithi kila usiku, mikoba mkononi, wanamsubiri yeye alale. Jambo hilo lilimuuma na kumfurahisha kwa wakati mmoja, na hakujaribu kutenganisha.

"Nilitaka kukuambia ukiwa umekaa pale," Noah akasema, akionyesha mahali palipokuwa na kiti. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Basi yule asiyekuwa mtu wa kuomba akachukua simu ili aombe. Aibu ilimshika hata kabla Josephine hajapokea. Zawadi ya asubuhi unairudia jioni, utaanza na neno gani? Aliiweka simu kwenye spika, ili Noah naye asikie.

"Dada, sema polepole," Josephine akanong'ona. "Mama analala. Mu kiti. Tangu tumalize kula analala, anakoroma hata. Miye na bwana yangu tunatembea na vidole. Hajalala vile tangu afike huku, dada. Mungu akuone. Ulikuwa unataka kusema nini?"

Katika simu, nyuma ya Josephine, ilisikika ile sauti, nzito na ya polepole, ya mtu mzima aliyepumzika. Roselyn alimtazama Noah. Noah akatikisa kichwa, na safari hii mama yake aliuona uso wake.

"Hapana," Roselyn akasema. "Nilitaka tu kujua kama analala."

Alipokata simu aliiweka juu ya zulia. Pilau ilikuwa inapoa jikoni. Mahali pa kiti palikuwa na mwanga mtupu wa jioni, na kile ambacho Wanjohi alikikalia kilikuwa ng'ambo ya jiji, kwenye nyumba ya watu, na hakikuwa kinarudi. Roselyn aliliacha hilo limuume kadiri lilivyotaka. Kisha akajivuta mpaka chini ya dirisha, akaketi katikati ya vile vishimo vinne, mgongo ukutani, na kitambaa akakiweka nyuma ya kichwa.

"Nisimulie," akasema.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Nimeketi."

"Lakini hadithi haiansi kama mama..."

Roselyn akafumba macho. Jua lilipenya kwenye kope zake, na ndani ya wekundu ule aliuona tena mto wa mbao, makochi yanapita, benchi la mpaka na askari mpole mwenye miwani. Wanjohi alikuwa amesimama kwenye foleni, kichwani hana kitu, mikono anaining'iniza kama mtu aliyetua mzigo.

"Nimelala," akasema. "Anza."

Noah akakohoa kidogo. Alipoanza, sauti yake ilikuwa imeshuka, nzito, na wote wawili walimjua mwenye sauti ile.

"Hapo samani sa kale," akasema, "palikuwa na miji miwili kwenye mto mmoja."

Roselyn aliisikia S ya kwanza, akaisikia na ya pili, na kwa kuwa alikuwa amelala hakuisahihisha hata moja.